Somo la 17: Kidonda cha Mtoto, na Jinsi ya Kukiangalia Siku kwa Siku

(Maneno haya yalisemwa katika redio. Yamepigwa chapa ili wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wayasome polepole baada ya kusikiliza.)

Nasadiki kila mtu amekwisha kukaa, na daftari lake li wazi mbele yake. Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano kwa herufi kubwa:

KIDONDA. MSHONO. USAHA. JOTO. MSTARI.

Nitanyamaza kidogo ili wanafunzi wayanakili.

(Kimya kidogo.)

Vema. Maneno hayo yote tutayakuta katika somo la leo. La mwisho, MSTARI, ni fupi na jepesi kuandika, lakini litatufaa sana. Shika penseli yako vizuri. Leo utaona kwamba mtu aliyejua kuandika juzi tu anaweza kuitumia penseli hiyo kumwokoa mtoto wake.

KIDONDA NI NINI?

Ngozi ya mtoto ni kama ukuta wa nyumba. Ukuta ukiwa mzima, mwizi hubaki nje. Ukitobolewa, mwizi amepata njia. Kidonda ni tundu katika ukuta huo.

Matundu mengine hutokea kwa bahati mbaya. Mtoto amejikata kwa jembe, au amechomwa na mwiba, au amejikuna upele mpaka ngozi ikachubuka. Matundu mengine hufanywa na daktari kwa makusudi, ili kumponya mtoto. Labda amepasuliwa ngiri au kidole tumbo, au ametahiriwa, au mfupa wake uliovunjika umeungwa. Daktari akimaliza kazi yake, hushona ngozi kwa uzi. Hapo ndipo tunapopata neno letu la pili, MSHONO.

Basi wezi ni akina nani? Ni vijidudu vya ugonjwa. Ni vidogo mno, havionekani kwa macho matupu. Mwaka 1880 daktari mmoja wa mji wa Aberdeen, katika nchi ya Uskoti, jina lake Alexander Ogston, alichukua usaha wa majipu akautazama kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Aliona vijidudu vya mviringo vimekusanyika pamoja kama zabibu katika kichala. Kwa hiyo akavipa jina la Kigiriki lenye maana ya kichala cha zabibu. Waganga huviita stafilokoki. Viko vingine vinavyojipanga mmoja nyuma ya mwingine kama shanga katika uzi. Hivyo huitwa streptokoki. Makundi haya mawili ndiyo yanayoharibu vidonda vingi vya watoto.

Jambo la kushangaza ni hili: stafilokoki hukaa puani mwa watu wengi wazima wa afya. Karibu watu 3 katika kila watu 10 wanavyo, wala hawaumwi. Tukigusa pua kisha tukagusa kidonda cha mtoto, tumevivusha sisi wenyewe. Kijidudu nacho hakiulizi tundu hili limefanywa na mwiba au na daktari. Kikiona njia, huingia.

MTOTO WA GLASGOW

Nitawapa hadithi fupi ya kweli. Mwezi wa Agosti mwaka 1865, katika mji wa Glasgow, mtoto wa miaka 11 aitwaye James Greenlees alikanyagwa mguu na gurudumu la mkokoteni. Mfupa ulivunjika, na ngozi ikapasuka mpaka kidonda kikafika kwenye mfupa. Siku zile mguu wa namna hiyo mara nyingi ulioza, na daktari alilazimika kuukata. Wengi walikufa hata baada ya kukatwa.

Daktari wake, Joseph Lister, alikuwa amesoma maandishi ya mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, kwamba uozo huletwa na vijidudu. Akafikiri, nikiviua vijidudu, labda mguu hautaoza. Basi akakifunika kidonda kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa ya karboliki. Siku 4 baadaye alikifungua. Hakukuta usaha wala harufu mbaya. Baada ya majuma 6 mfupa ulikuwa umeunga, na mtoto akapona na mguu wake. Mwaka 1867 Lister aliandika habari hizo katika gazeti la madaktari, na kazi ya upasuaji ikabadilika.

Katika hadithi hii kumbuka mambo mawili. La kwanza, usafi una nguvu ya kuokoa mguu. La pili, Lister hakufunga kidonda akaenda zake. Alirudi kukitazama. Kazi hiyo ya pili ndiyo kazi yako wewe, mama au baba, mtoto anaporudi nyumbani.

Usidhani mambo haya yamekwisha kwa kuwa hospitali za leo ni bora. Mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema kwamba katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, wagonjwa 11 katika kila 100 wanaopasuliwa huingiwa na vijidudu. Mwaka 2022 ulitolewa uchunguzi uliofanywa katika nchi 7, Rwanda ikiwamo, juu ya watu wazima na watoto waliopasuliwa tumbo. Ilionekana kwamba madaktari wakibadili glavu na vyombo kabla ya kushona, vidonda vinavyoharibika hupungua kutoka karibu 19 katika kila 100 mpaka 16. Madaktari wanafanya sehemu yao, nasi tuna yetu.

KABLA YA UPASUAJI NA BAADA YAKE

Mtoto akipangiwa kupasuliwa, mwogeshe vizuri kwa maji na sabuni kabla ya kwenda. Usimnyoe kwa wembe mahali atakapopasuliwa. Wembe huacha mikwaruzo midogo, na kila mkwaruzo ni tundu. Kama nywele lazima ziondolewe, hospitali itazipunguza kwa mashine.

Siku ya kurudi nyumbani utapewa karatasi. Usiikunje na kuitia kibindoni tu. Isome. Tafuta mambo matatu: kidonda kifunguliwe lini, nyuzi zitolewe lini, na dawa gani apewe mtoto. Kama maandishi ya daktari hayasomeki, mwombe nesi akusomee, nawe uandike katika daftari lako kwa mkono wako. Nyuzi za usoni hutolewa mapema, yapata siku ya 5. Za tumboni kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 10. Ziko nyuzi nyingine ambazo huyeyuka zenyewe, hazitolewi. Uliza mtoto wako ana zipi.

Kitambaa kilichofungwa katika chumba cha upasuaji kwa kawaida huachwa siku 2 bila kufunguliwa, isipokuwa kimelowa, au daktari ameagiza vingine. Kisha, kila unapotaka kukifungua, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Sugua huku ukihesabu polepole mpaka 20. Tumia shashi safi ya dukani au ya hospitali. Kikauke, wala kisilowe maji ya kuogea. Mkate mtoto kucha, maana kidonda kikianza kupona huwasha, naye atakikuna.

Mpe chakula cha kujenga mwili: maziwa, maharage, mayai, dagaa, mboga za majani. Wako watu wanaomnyima mtoto mwenye kidonda mayai au samaki. Haifai. Mwili unaojenga ngozi mpya wahitaji vitu vya kujengea, kama fundi anavyohitaji matofali. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

KIDONDA KIZURI NA KIDONDA KIBAYA

Sasa tufike katika kiini cha somo letu. Sikilizeni kanuni hii, kisha mwalimu aiandike ubaoni:

KIDONDA CHA LEO KIWE BORA KULIKO CHA JANA.

Siku 2 za kwanza si ajabu kidonda kuuma, kuvimba kidogo, na kutoa maji mepesi. Maji hayo si usaha. Lakini baada ya hapo kila siku iwe na nafuu. Kikiwa leo kinauma kuliko jana, kimekwenda kinyume, nawe usiseme "tungoje tuone."

Vijidudu huhitaji siku kadhaa ili viongezeke. Kwa hiyo kidonda cha upasuaji mara nyingi huanza kuharibika tangu siku ya 4 mpaka ya 10, yaani wakati mtoto yuko nyumbani, mbali na daktari. Hata hivyo endelea kukiangalia mpaka zipite siku 30.

Dalili ni hizi:

1. Maumivu yanazidi badala ya kupungua.
2. Pana JOTO kuliko ngozi ya pembeni.
3. Uvimbe unaongezeka, au mahali pamekuwa pagumu.
4. Rangi ya ngozi imebadilika kuzunguka mshono.
5. Panatoka USAHA au harufu mbaya, au mshono umeachia.
6. Mtoto ana homa, hataki kula wala kucheza.

Hapa nitasimama kidogo juu ya dalili ya 4. Vitabu vingi husema, "Tazama wekundu." Lakini ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi. Mara nyingi utaona pamekuwa peusi zaidi, au rangi ya zambarau, au pananga'ra kama pamepakwa mafuta. Kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Geuza mkono wako, weka mgongo wa kiganja karibu na kidonda, kisha uweke mahali pale pale upande wa pili wa mwili. Kama kidonda kiko paja la kulia, linganisha na paja la kushoto. Mgongo wa kiganja hutambua joto vizuri.

Tena, mtoto aliyekonda kwa utapiamlo huenda asipate homa hata kama kidonda kimeharibika. Mwili wake hauna nguvu za kuwasha moto huo. Akilegea tu na kukataa chakula, hiyo yatosha kuwa dalili.

KAZI YA PENSELI NA MSTARI

Katika daftari lako andika kila siku, saa ile ile, maneno machache juu ya kidonda. Natuchukue mfano wa mama mmoja ambaye mwanawe amepasuliwa ngiri:

Siku ya 3. Maumivu kidogo. Joto hapana. Usaha hapana. Amecheza.
Siku ya 4. Maumivu kidogo. Joto hapana. Usaha hapana. Amekula.
Siku ya 5. Maumivu zaidi ya jana. Joto ndiyo. Usaha hapana. Hakula.
Siku ya 6. Maumivu mengi. Joto ndiyo. Usaha ndiyo. Amelia usiku.

Nawauliza: mama huyu alipaswa kwenda hospitali siku gani? Zungumzeni kidogo.

(Kimya kidogo.)

Najua baadhi yenu wamesema siku ya 6, kwa kuwa ndiyo siku usaha ulipoonekana. La, siku ya kwenda ilikuwa ya 5. Siku hiyo usaha haukuonekana, lakini daftari lilikwisha kusema kwamba kidonda kimegeuka. Sisi tumezoea kusema juu ya jipu, "Liache liive." Kidonda cha upasuaji hakingojewi kuiva. Chini ya mshono usaha hauna mlango. Usipoweza kutoka nje hujitafutia njia ndani.

Sasa neno letu la mwisho. Ukiona uvimbe au joto au rangi iliyobadilika kuzunguka kidonda, chukua kalamu ya wino, uchore MSTARI juu ya ngozi kufuata ukingo wa mahali hapo, pande zote. Kama ngozi ni nyeusi sana, tumia wino mweupe au rangi inayoonekana. Kisha andika saa katika daftari, uanze safari ya kwenda zahanati. Mstari huo haukupi ruhusa ya kungoja. Ni barua kwa daktari. Ukifika saa 6, naye akaona uvimbe umepita mstari uliochorwa saa 3, atajua mara moja kwamba ugonjwa unakwenda mbio. Akikulaza mtoto, mstari ule ule utamwonyesha kama dawa inafanya kazi.

MAJIPU NA UGONJWA WA NYAMA

Vijidudu huingia pia kwa mtoto ambaye hakupasuliwa. Jipu dogo laweza kukandwa kwa kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu, mara 3 au 4 kwa siku. Usilikamue, wala usilitumbue kwa sindano au mwiba. Zaidi sana usikamue jipu lililo puani au mdomoni, kwa sababu mishipa ya damu ya hapo ina njia ya kwenda kichwani. Jipu likiwa kubwa, au likiwa na homa, au likiwa karibu na jicho, mpeleke mtoto. Daktari atalipasua na kuutoa usaha. Vidonge peke yake mara nyingi havitoshi, maana dawa haifiki vizuri mahali usaha ulipofungiwa.

Liko jipu jingine la hila. Hukaa ndani ya nyama, kama ya paja au ya tako. Ngozi ya juu hapo mwanzo ni nzima kabisa. Utamwona mtoto ana homa, anachechemea, hataki uguse mahali pamoja. Watu wengine wakiona uvimbe wa namna hii husema ni tambazi, wakapaka dawa ya majani siku baada ya siku. Sibishani na jina. Ila jua kwamba ndani huenda pana usaha mwingi, na kazi ya kuutoa ni ya hospitali. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga mguu aonwe na daktari siku ile ile.

Viko pia vipele vya watoto vyenye gamba la rangi ya asali, hasa karibu na pua na mdomo, au palipokunwa upele. Vioshwe, navyo vitibiwe. Streptokoki za ngozi huweza kuleta ugonjwa wa figo majuma machache baadaye. Ukiona uso wa mtoto umevimba asubuhi, na mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi, mpeleke hospitali.

Mtoto akiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke siku hiyo hiyo apate sindano za kuzuia kichaa cha mbwa.

MAMBO YASIYOFAA

Usiweke juu ya kidonda majivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Usifungue kapsuli za rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya mshono. Unga huo huganda na kuuficha ubaya ulio chini, tena huwafundisha vijidudu kuizoea dawa.

Juu ya dawa nina hadithi ya pili. Dawa ya penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, lakini mgonjwa wa kwanza kutibiwa ugonjwa wake kwa sindano za dawa hiyo huko Oxford alikuwa askari polisi mmoja, mwaka 1941. Uso wake ulikuwa umeoza kwa vijidudu. Baada ya siku chache za dawa alianza kupata nafuu, akala. Lakini dawa ilikuwa chache mno. Waganga walifika hata kuitafuta tena katika mkojo wake, mpaka ikaisha kabisa. Vijidudu vilivyosalia vikaamka, na yule askari akafa.

Leo dawa za kuua vijidudu zinatengenezwa kwa wingi. Lakini mzazi akiona nafuu siku ya 2 na kuiweka chupa juu ya kabati, amemfanyia mwanawe lile ambalo uhaba ulimfanyia askari yule. Mpe mtoto dawa kwa kipimo na kwa siku ulizoambiwa. Kipimo cha mtoto hufuata uzito wake, kwa hiyo usimpe ya ndugu yake, wala usigawe kidonge cha mtu mzima. Na kama daktari hakukupa dawa ya kuendelea baada ya upasuaji, usiende kununua dukani. Mara nyingi mtoto huchomwa dawa kabla tu ya kupasuliwa, na kwa kidonda safi hiyo yatosha.

USINGOJE ASUBUHI

Nenda upesi, hata kama ni usiku, ukiona moja katika haya:

Maumivu ni makali kuliko kidonda kinavyoonekana kwa nje.
Ngozi inageuka nyeusi, au inafanya malengelenge, au uvimbe unapita mstari kwa saa chache.
Mtoto anapumua mbio, amelegea, hanywi wala hanyonyi, au amepata degedege.
Uvimbe uko kuzunguka jicho.
Taya limekaza, mwili unajikunja. Hiyo huenda ni pepopunda.
Mtoto hajafikisha miezi 2, naye ana usaha au uvimbe wowote, hasa kitovuni.
Mshono wa tumbo umefunguka na vitu vya ndani vinaonekana. Funika kwa kitambaa safi chenye maji safi, usivirudishe ndani, ukimbie hospitali.

Chukua kadi ya chanjo unapokwenda. Katika Tanzania na Kenya mtoto mchanga hupewa chanjo iliyo na kinga ya pepopunda akiwa na majuma 6, 10 na 14. Soma kadi uone kama zote tatu zimeandikwa. Sasa waweza kuisoma mwenyewe.

Najua mtasema, "Mwalimu, hospitali iko mbali, na nauli ni shida." Ni kweli, wala sitawadanganya. Lakini mtoto aliyefika siku ya 5 huenda akarudi nyumbani na dawa tu. Aliyefika siku ya 9 huenda akapasuliwa mara ya pili na kulala majuma mengi, au asirudi. Kwa hiyo panga mapema. Siku mtoto anaporudi kutoka hospitali, andika katika daftari ni nani atakayewapeleka kukiwa na shida usiku, na nauli iwekwe kando. Wala usiogope kukaripiwa kwamba umekuja bila sababu. Afadhali nesi akuambie, "Mama, kidonda hiki ni kizuri, rudi nyumbani." Hilo ni neno jema la kusikia.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Ngozi inafanana na nini? Kidonda je?
2. Kwa nini tusimnyoe mtoto kwa wembe kabla ya upasuaji?
3. Kidonda cha upasuaji huanza kuharibika mara nyingi tangu siku ya ngapi?
4. Mkono utumiwe namna gani kutambua joto?
5. Kwa nini mama wa mfano wetu alipaswa kwenda siku ya 5?

KAZI YA NYUMBANI

Piga mistari katika ukurasa mmoja wa daftari, ufanye nafasi tano: SIKU, MAUMIVU, JOTO, USAHA, CHAKULA. Uache ukurasa huo mtupu. Twaomba usipate haja ya kuujaza. Lakini siku mtoto wako, au wa jirani asiyejua kuandika, akirudi nyumbani na mshono, ukurasa uwe tayari, nawe uwe mwandishi wake.

Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma juu ya mtoto aliyeungua kwa moto au kwa maji ya moto. Kwa herini, mabibi na mabwana. Mwalimu, sasa darasa ni lako.